Brokoli ya mbegu ughaibuni: anza na kalenda

Ukiishi kwenye nchi yenye majira manne, swali la kwanza la brokoli si udongo wala mbolea. Ni tarehe. Wengi wetu tulizoea kilimo kinachofuata mvua, lakini ughaibuni maji yako bombani mwaka mzima na anayeamua ni jalidi, ile barafu nyembamba inayolala juu ya nyasi alfajiri. Kila eneo lina tarehe zake mbili za wastani: ya jalidi ya mwisho, majira ya kuchipua, na ya jalidi ya kwanza, kabla majira ya baridi hayajaingia. Zitafute kwenye intaneti kwa jina la mji wako, uziandike mahali utakapoziona. Aliye nusu ya kusini ya dunia miezi yake imepinduka, ila hesabu ni ileile.

Kwa nini tarehe ina uzito hivyo? Brokoli ni ndugu wa kabichi na koliflawa, na hustawi vizuri kwenye nyuzi 15 hadi 20 za Selsiasi. Kile kichwa cha kijani ni mkusanyiko wa vitumba vya maua ambavyo havijachanua. Joto likipanda zaidi ya nyuzi 27 wakati kichwa kinajiunda, vitumba huachana, majani madogo huchomoza katikati, na siku chache baadaye unatazama maua ya njano. Baridi nayo ina hila zake. Mche uliokwisha kunenepa shina kufikia unene wa penseli, ukipigwa na baridi ya chini ya nyuzi 10 kwa wiki moja au mbili, huona kwamba wakati wa kuchanua umefika. Hutoa kichwa kidogo kama kifungo cha koti, na hapo hakuna mbolea itakayokikuza.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza ni kupanda kwa ajili ya mavuno ya kuelekea majira ya baridi. Najua mikono huwasha theluji ikishayeyuka, na pakiti za mbegu hujaa madukani wakati huo, lakini majira ya kuchipua humkimbiza brokoli kuelekea kwenye joto. Zao la kuelekea majira ya baridi hukulia kwenye hewa inayopoa siku hadi siku, na hivyo ndivyo linavyotaka. Jalidi nyepesi haiui mmea uliokomaa. Hata utamu wa kichwa huongezeka baada yake.

Hesabu yenyewe ni ya kurudi nyuma. Tuseme jalidi ya kwanza kwenu huja karibu na tarehe 20 Oktoba, na pakiti inasema siku 60 hadi mavuno. Angalia vizuri hapo: kwa brokoli, siku za kwenye pakiti mara nyingi huanza kuhesabiwa mche unapohamishiwa bustanini, si mbegu inapofukiwa. Ongeza wiki 5 za kulea mche, kisha wiki 2 za fidia kwa sababu mwanga wa mchana unazidi kupungua na ukuaji unapoa nao. Jumla siku 109. Hesabu kurudi nyuma kutoka 20 Oktoba, unafika mwanzoni mwa Julai. Hapo ndipo pa kusia.

Ukishikilia zao la majira ya kuchipua, sia ndani ya nyumba wiki 7 au 8 kabla ya jalidi ya mwisho, na uhamishe miche nje wiki 2 au 3 kabla ya tarehe hiyo. Chagua aina inayowahi kukomaa.

Kuhusu aina: De Cicco ni ya zamani, vichwa vyake vya wastani na havikomai siku moja, jambo linalomfaa mtu wa bustani ndogo. Mbegu chotara za F1 hutoa vichwa vikubwa vinavyofanana, lakini usitegemee kuhifadhi mbegu zake, kwani kizazi kinachofuata hakitafanana na mzazi. Calabrese ndiyo ile ya kijani yenye kichwa kimoja kikubwa. Jihadhari na ile ya zambarau yenye vichipukizi vingi: aina zake nyingi hulazimika kupitia majira ya baridi shambani kabla ya kuzaa, na unaweza kuingoja karibu mwaka. Na ukitaka kubeba mbegu kwenye begi kutoka nchi nyingine, uliza kwanza. Nchi nyingi hudai mbegu zitangazwe forodhani na ziwe na cheti cha afya ya mimea. Kununua ulipo ni rahisi zaidi.

Kusia ni kazi nyepesi. Jaza trei udongo laini wa kuoteshea, fukia mbegu kina cha sentimita 1, mwagilia taratibu. Kwenye joto la kawaida la chumba huota ndani ya siku 4 hadi 10. Taabu inaanzia hapo, nayo ni mwanga. Dirisha la mwezi Machi halitoshi hata kama jua linaonekana kuingia, na miche hurefuka, hupauka na kulala chini. Tundika taa juu yake, sentimita chache tu kutoka kwenye majani, iwake saa 14 hadi 16 kwa siku, na uiinue kadiri miche inavyopanda. Wakati huohuo punguza joto, kwa sababu chumba chenye kipasha joto kikali kinazidisha urefu usiotakiwa. Usiloweshe udongo muda wote. Unyevu uliotuama pamoja na hewa isiyotembea huleta kinyaushi, na mche uliokuwa mzima jioni unaukuta asubuhi umekatika shingo.

Miche ikifikisha majani ya kweli 4 au 5, yaani yanayotoka baada ya yale mawili ya kwanza ya mbegu, ianze kuzoea nje: saa moja au mbili kivulini siku ya kwanza, muda ukiongezwa kila siku kwa wiki moja hivi. Hatua hii inachosha na watu huiruka, kisha hulalamika kwamba miche imebabuka.

Bustanini, chagua mahali panapopata jua kwa muda wa saa 6 au zaidi kwa siku. Changanya mboji au samadi iliyoiva. Pima uchachu wa udongo: pH ya 6 hadi 7 inafaa, na ikiwa chini ya hapo ongeza chokaa, maana udongo mchachu hukaribisha ugonjwa wa kuvimba mizizi. Acha sentimita 45 kati ya mche na mche, na 60 au zaidi kati ya mistari. Maji ya kina cha sentimita 2.5 hadi 4 kwa wiki, bila kukatiza, na matandazo juu. Wiki 3 baada ya kupandikiza, ongeza mbolea yenye nitrojeni. Brokoli haisamehe kudumaa. Mmea uliosimama kukua wiki mbili hautarudisha kichwa kikubwa.

Ikiwa nyumba ni ya kupanga, muulize mwenye nyumba kabla ya kuchimba. Asipokubali, ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini hutosha mmea mmoja, ila hukauka haraka siku za jua.

Vipepeo weupe wa kabichi watakuja, hilo usitie shaka. Hutaga mayai chini ya majani, na viwavi vyake vya kijani hujificha hadi ndani ya kichwa. Funika kwa wavu wenye matundu madogo siku ileile ya kupandikiza. Kwa kuwa tunakula vitumba wala hatungoji tunda, nyuki hawahitajiki, na wavu unaweza kubaki hadi mavuno. Hakikisha tu majani hayaugusi, la sivyo kipepeo atataga kupitia matundu. Viwavi vikiwa vimeshaingia, viokote kwa mkono, au tumia dawa ya bakteria ya Bt, inayoua viwavi bila kudhuru nyuki.

Vuna kichwa kikiwa kimebana na kijani iliyokolea, hata kama ni kidogo kuliko ulivyotarajia. Ukiona njano inachungulia, kata leo. Kata asubuhi, ukiacha shina la sentimita 15 hivi kwenye kichwa, na mkato uwe wa mshazari ili maji yasituame juu ya kisiki. Kiloweke kwenye maji ya chumvi dakika 20 au 30, viwavi vilivyojificha vitaelea. Majani nayo huliwa, na shina pia likimenywa.

Usiung'oe mmea bado. Kwenye makwapa ya majani hutoka vichipukizi vidogo kwa wiki kadhaa, na kwa aina kama De Cicco hivyo ndivyo vinavyoleta mavuno mengi zaidi. Vikikoma, ng'oa na uikague mizizi. Ikiwa imevimba vinundu, usiitupe kwenye lundo la mboji, kwa sababu vimelea vyake hudumu udongoni miaka mingi. Ikiwa safi, bado pumzisha sehemu hiyo na jamii yote ya kabichi kwa miaka 3, upande maharagwe au vitunguu.