Kabla ya Kumkabidhi Mtu Watoto: Ukaguzi wa Wafanyakazi na Wanaojitolea Nchini Kenya

Kambi ya watoto ikiwa ni ya likizo ya Disemba, karatasi za watakaowasimamia zianze kutafutwa mwishoni mwa Septemba. Cheti cha maadili mema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai (DCI) kihesabieni wiki mbili au zaidi baada ya mtu kupigwa alama za vidole, na hapakosi mmoja atakayeambiwa arudi apigwe upya. Kamati inayolikumbuka jambo hili wiki ya mwisho huishia kupokea watu kwa kujuana, "huyu ni wa kwetu", na hapo ndipo mtoto anapoachwa bila kinga.

Andikeni kwanza majina. Walimu watakumbukwa na kila mtu. Wanaosahaulika ni dereva wa basi na utingo wake, mpishi, matroni, mpiga picha, na yule mzee wa kamati anayepitia bwenini kusalimia. Mlinzi wa usiku huwa na watoto saa ambazo watu wazima wengine wamelala, na mara nyingi ndiye asiyeulizwa karatasi yoyote. Aanze yeye.

Cheti huombwa kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali. Mwombaji huingia kwa akaunti yake mwenyewe, akajaza maelezo jinsi yalivyo kwenye kitambulisho chake, akalipa shilingi 1,050, akachagua siku na kituo, kisha akachapisha stakabadhi na fomu C24, ile ya kupigia alama za vidole. Fomu hiyo sharti ichapwe pande mbili za karatasi moja. Saiba nyingi huitoa kwa karatasi mbili, na mtu hujikuta amepanga foleni Huduma Centre asubuhi nzima ili arudishwe. Aende na kitambulisho halisi pamoja na nakala.

Alama zenyewe huhitaji maandalizi. Kila kidole hubingirishwa kwenye wino kutoka ukingo mmoja wa ukucha hadi mwingine, kisha vinne hupigwa pamoja vikiwa vimelala. Fundi wa mawe, mvuvi wa kuvuta kamba, mama anayefua nguo za watu: hawa mistari ya vidole vyao huwa imelika, na alama hutoka kama doa tupu. Apumzike saruji au sabuni kali siku chache kabla, ajipake mafuta usiku, lakini asubuhi ya siku yenyewe anawe vizuri na kukausha mikono kabisa, maana mafuta na jasho huchafua wino.

Watu 12 ni shilingi 12,600. Ziingizwe kwenye bajeti kabla ya fulana na keki, kwa sababu kijana anayejitolea akiachiwa gharama hiyo atachelewa, au ataleta cheti cha kughushi. Cheti kikiwa tayari hupatikana katika akaunti ya eCitizen. Basi usipokee fotokopi: mwombe akifungue kwenye simu yake ukiwa unaona, ulinganishe jina, nambari ya kitambulisho na tarehe. Kilichopita mwaka mmoja kiombwe upya.

Tuseme kimekuja safi. Kinathibitisha nini? Kwamba alama za mtu huyu zimelinganishwa na kumbukumbu za polisi na hakikuonekana kitu. Kesi iliyomalizwa kwa chifu, iliyosuluhishwa kwa maslaha, yaani mapatano ya nje ya mahakama, baina ya familia mbili, au mwalimu aliyeambiwa aondoke kimya kimya ili shule isiaibike, yote hayo hayakupiga wino popote. Na mambo ya watoto mengi huishia huko. Kwa hiyo simu kwa waajiri waliotangulia tunaipa uzito kuliko cheti, ingawa ndiyo watu huiruka kwa haya.

Pigeni kwa wawili au watatu, na nambari ya taasisi itafuteni wenyewe. Ile aliyoiandika mwombaji yaweza kuwa ya binamu yake. Ulizeni alianza lini, akaondoka lini, kwa nini, na kama kuliwahi kuwa na lalamiko lolote kuhusu mwenendo wake kwa watoto. Mwisho ulizeni: "Akirudi leo mtamchukua?" Anayejibu "alikuwa mchapakazi" hajajibu. Rudieni swali. Miaka iliyoachwa wazi kwenye wasifu wake nayo aieleze, na maelezo yaandikwe.

Kwa mwalimu, nambari yake ya TSC, tume inayosajili walimu, ithibitishwe kwenye tovuti ya tume hiyo. Aliyefutwa kwenye sajili haruhusiwi kufundisha shule ya umma wala ya binafsi, na tume hutangaza majina ya waliofutwa.

Wageni wanaokuja Diani, Watamu au Malindi kujitolea katika makao ya watoto huhitaji cheti cha kwao, kwa kuwa DCI haina habari za London wala Chicago. Raia wa Uingereza huomba cheti cha kimataifa cha ulinzi wa mtoto, kiitwacho ICPC. Mmarekani huomba kumbukumbu zake FBI. Vilevile kuingia nchini kama mtalii hakumpi ruhusa ya kufanya kazi, hata ya bure. Idara ya Uhamiaji iulizwe mapema.

Ambaye cheti chake hakijafika anaweza kupika, kupanga viti, kubeba maji, akiwa na mwenzake aliyekaguliwa. Asipewe ufunguo wa bweni wala kumpeleka mtoto hospitalini peke yake. Vijana walio chini ya miaka 18 wanaosaidia nao wawe chini ya macho ya mtu mzima wakati wote.

Yaliyopatikana ni siri ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawabana. Yasitumwe kwenye kundi la WhatsApp la kamati. Daftari moja, kabati lenye kufuli, watu wawili wenye ufunguo. Kila mstari uwe na jina, tarehe cheti kilipoonekana, aliyekiona, taasisi zilizopigiwa simu na zilichosema. Ndani ya jalada la daftari andikeni 116, nambari ya bure ya kuripoti mtoto anayedhuriwa, inayopokewa mchana na usiku.