Baiskeli ya tairi nene ufukweni Msimbati: upepo, maji na njia ya kupita

Tairi la inchi 3.8 hadi 5 linapita mchangani pale ambapo baiskeli ya milima ya kawaida inazama. Ila unene peke yake hautoshi. Kinachokubeba ni upepo kidogo ndani ya tairi, na mchanga ambao maji yameuacha muda si mrefu. Ukikosa kimoja, utaisukuma baiskeli juani. Hatua hizi ni za Msimbati, lakini zinafaa kwenye fukwe nyingine za Mtwara na Lindi.

Hatua ya 1: Fuata maji

Waulize wavuvi au angalia jedwali la maji kupwa na kujaa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukauka mbali na mchanga mgumu huwa mpana. Siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa 4 hadi saa 5 asubuhi, halafu kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Anza safari maji yakiwa bado yanakupwa, muda wa saa mbili hivi kabla hayajafika mwisho, na ugeuze mara yanapoanza kujaa. Ukichelewa, maji yanakupandisha hadi kwenye mchanga mlaini wa juu wakati miguu imeshachoka. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, fupisha safari, ukanda mgumu ni mwembamba.

Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000. Lipa kiingilio, kisha uulize wapi kuna viota vya kasa.

Hatua ya 2: Toa upepo

Hapa ndipo wengi wanapokwama. Barabarani weka psi (kipimo cha shinikizo la upepo) 12 hadi 15. Ukifika ufukweni shusha hadi 8, uendeshe mita mia moja, halafu shuka uangalie alama uliyoacha. Ikiwa ni nyembamba na imezama, toa nusu psi, ujaribu tena. Alama nzuri ina upana wote wa tairi na haina kina. Kwa mtu wa kilo 70, mchanga mlaini unahitaji takriban psi 5 mbele na 6 nyuma, kwa kuwa uzito mwingi unakaa nyuma. Aliye mzito zaidi aongeze.

Tumia kipimo cha upepo mdogo, kinachoishia psi 15 au 30. Kile cha gereji kimetengenezwa kwa ajili ya magari, na tofauti ya psi moja huioni humo. Kwenye tairi hizi psi moja ni kubwa mno.

Ukishusha kupita kiasi, tairi linayumba kwenye kona na rimu inagonga mizizi. Kuna tatizo jingine linalojificha: tairi linateleza juu ya rimu na kuvuta tyubu, hivyo valvu inaanza kulala upande. Ukiiona imeinama, simama hapo hapo. Toa upepo wote, zungusha tairi mpaka valvu isimame wima, jaza upya na uongeze psi moja. Ukiendelea hivyo hivyo, tyubu itachanika kwenye shina la valvu, na hapo kiraka hakishiki. Beba tyubu ya akiba na pampu, maana kurudi kwenye lami na psi 5 kunaumiza tairi na rimu.

Hatua ya 3: Chagua njia

Pita kati ya maji na ule mstari wa takataka na majani unaoachwa na maji yakijaa. Usiuvuke kwenda juu. Kasa hutaga juu ya mstari huo, mayai hukaa mchangani takriban miezi miwili, na vitoto vikitoka hunaswa kwenye mitaro ya magurudumu vikielekea baharini. Alama zako za chini zitafutwa na maji yatakayojaa. Za juu zitabaki. Kwa bahati njema njia isiyomdhuru kasa ndiyo hiyo hiyo iliyo rahisi kwa miguu yako.

Usiingie mikokoni wala kwenye nyasi za bahari zilizoachwa wazi na maji. Penye mitumbwi na ngalawa shuka utembee: kamba za nanga hulala mchangani, na nyavu huanikwa. Salimia kwanza, uombe kupita.

Hatua ya 4: Endesha

Weka gia nyepesi kabla ya kufika mchanga mlaini, kwani ukibadilisha ukiwa umeshazama cheni inakwaruza na mwendo unakatika. Kaa nyuma kidogo, legeza mikono, kanyaga kwa mwendo ule ule. Kona zipinde kwa upana. Usukani ukiukata ghafla, gurudumu la mbele linachimba na wewe unaruka mbele. Gurudumu la nyuma likianza kuzunguka bure, shuka usukume.

Hatua ya 5: Njia za bara

Kwenye vijia vya mashambani adui ni mbigili. Ukitumia tairi lisilo na tyubu, weka dawa ya kuziba mililita 150 kila tairi, na uikague kila baada ya miezi miwili kwa sababu joto la pwani linaikausha. Msimu wa korosho usikate njia chini ya mikorosho. Wakulima wamepasafisha ili waone korosho zilizodondoka, na tairi lako linazizamisha mchangani. Mvua ikinyesha, ziache njia za udongo zikauke kwanza. Mfereji wa tairi leo unakuwa korongo msimu ujao.

Hatua ya 6: Osha siku hiyo hiyo

Ndoo mbili za maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, zinatosha. Mimina kutoka juu kwenda chini. Usitumie mpira wenye maji ya nguvu, yanasukuma chumvi ndani ya beringi. Sugua cheni kwa brashi na sabuni, ikaushe, tia tone moja la mafuta kila kiungo, kisha futa ya nje yote, kwani mafuta yaliyobaki nje yanashika mchanga na kuisaga cheni. Mafuta yasiguse diski ya breki. Kila mwezi chomoa mhimili wa siti na uupake grisi, la sivyo chumvi itaugandisha kwenye fremu. Breki zikilia, toa pedi na utazame: mchanga ulionasa humo huonekana kama mikwaruzo ya duara kwenye diski.