Korona ishapita lakini moyo bado haujatulia? Hebu jaribu haya

Assalaam alaykum jamani. Mie si daktari, nakwambieni mapema msije mkanitafuta. Nlikuwa mapokezi kwenye hoteli moja huko Paje, Zanzibar, mpaka Machi 2020 tulipoambiwa nendeni majumbani tutakupigieni simu, na simu yenyewe nimeingoja zaidi ya mwaka. Haya ninayoandika mengine nimefunzwa na nesi mmoja jirani yetu, mengine nimesoma, mengine yamenikuta mwenyewe.

Nnaandika kwa sababu kila nikikaa barazani naona watu wana hali ile ile niliyokuwa nayo mie. Mtu hana homa wala kikohozi, anakula, kazini anakwenda, lakini hacheki. Usiku saa nane macho kodo. Simu ikilia usiku moyo unamruka, maana zile simu za mwanzo wa 2021 sote tunajua zilikuwa zikileta habari gani. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka wa kwanza tu wa korona wasiwasi na sonona (ile huzuni nzito isiyoondoka) viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na tarehe 5 Mei 2023 wakatangaza dharura imekwisha. Basi wao wameshafunga faili, wewe kama bado unalo ndani soma.

La kwanza, litaje. Hili ntakaa nalo kidogo kwa sababu naona ndipo tulipokwama khasa sisi watu wa visiwani.

Mnaikumbuka Spice Islander, Septemba 2011, meli ilipozama ikenda Pemba? Ule msiba ulikuwa wa nchi nzima, watu walijaa Nungwi, wakajaa Maisara kutambua maiti, kila mtaa una matanga, ulikuwa unalia na mtu usiyemjua na yeye anakushika mkono. Korona haikuwa hivyo. Mtu kafa, tunaambiwa changamoto ya upumuaji, mwengine nimonia, mwengine "alikuwa na presha yake ya zamani", maziko ya haraka, watu wachache, hata kukumbatiana tunaogopana, na ukirudi nyumbani unajifukiza kwa majani ya mchaichai na malimau huku unatetemeka usiseme chochote kwa majirani. Mpaka pale chama cha Maalim Seif, aliyekuwa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, kilipotoka kikasema waziwazi kwamba ana korona, na tarehe 17 Februari 2021 akafariki, akazikwa kwao Mtambwe, ndipo watu wengine wakathubutu kusema kumbe na baba yangu ilikuwa hiyo hiyo.

Sasa msiba usiotajwa haumaliziki, unakaa tu. Kwa hivyo fanya hivi: chagua siku moja nyumbani mko pamoja, baada ya chakula cha usiku ndio vizuri, muulize mtu swali dogo tu, "siku ile ami alipozidiwa wewe ulikuwa wapi?" Usiulize unajisikiaje, kwetu watu hawajibu swali kama hilo, watakwambia alhamdulillah na mazungumzo yamekwisha. Ukimuuliza alikuwa wapi atakuhadithia, na akihadithia atalia, mwache alie. Usimkatize kwa "jikaze" wala "subiri, kila kitu ni kudra". Najua tunasema kwa kheri lakini mara nyingi tunasema ili yeye anyamaze na sisi tupumue. Mtume mwenyewe (s.a.w.) alitokwa na machozi alipofariki mwanawe Ibrahim, sasa wewe nani umkataze mwenzio?

Na kama hamkusoma khitma (kisomo cha kumuombea maiti) wakati ule kwa sababu ya hofu ya mikusanyiko, someni sasa, nani kakwambia umepitwa na muda? Sisi ya ami tumeisoma baada ya miaka miwili. Tulipika pilau, watu wakaja, wakahadithia vituko vyake vya kwenye bao alivyokuwa akiiba kete, na mkewe aliyekaa eda yake miezi minne na siku kumi bila ya watu kuja kumtazama kama ilivyo desturi, siku ile ndio kwanza nikamsikia anacheka. Kama familia haina uwezo wa pilau, kahawa na kashata zinatosha, au nendeni kaburini pamoja, au mtoleeni sadaka kwa jina lake. Shida yetu ni kwamba tukianza kupiga hesabu ya ng'ombe na mchele jambo zima linaahirishwa.

Haya, sasa wahka. Ule wa ghafla, moyo unakwenda mbio, kifua kinabana, mikono baridi, unadhani unakufa. Mara ya kwanza mie ilinipata ndani ya daladala pale Mwanakwerekwe, mtu nyuma yangu kakohoa basi kwisha habari, nikateremka kabla ya kufika niendako. Nesi akanieleza kwamba mwili una king'ora chake cha hatari, na wakati wa korona kile king'ora kimelia muda mrefu mno mpaka kimekuwa chepesi, kitu kidogo kinakiwasha. Huwezi kukizima kwa kujigombeza. Unakizima kwa pumzi, vuta hewa kwa pua ukihesabu mpaka nne, itoe pole pole kwa mdomo kama unapuliza chai ya moto ukihesabu mpaka sita au saba. Kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta, hiyo ndiyo siri yenyewe, maana ukitoa pumzi taratibu moyo nao unapunguza mwendo. Fanya kama dakika tano. Na ufanye kila siku hata kama huna kitu, kama hujazoea siku ya wahka hutokumbuka. Mie nafanya baada ya sala ya alfajiri nikiwa bado nimekaa kwenye mswala. Maji baridi usoni pia yanasaidia, nenda katie udhu.

Na yale mawazo yanayozunguka siku nzima, yapangie saa. Unachukua robo saa baada ya alasiri, unakaa na karatasi, unaandika yote yanayokusumbua, ukimaliza unainuka. Yakija usiku unayaambia tukutane kesho alasiri. Najua linachekesha, nami nlicheka. Jaribu wiki mbili halafu ucheke.

Usingizi: yakhe, kahawa. Sisi tunakaa barazani baada ya isha tunapiga vikombe vitatu vinne vya kahawa chungu, halafu saa nane ya usiku tunalalamika tumerogwa. Ile kahawa baada ya masaa kama matano bado nusu ya nguvu yake imo mwilini. Kunywa yako kabla ya alasiri, usiku kaa na wenzio uwe na maji au chai ya mchaichai, watakusema siku mbili watazoea. Simu iweke mbali na kitanda, khasa yale magrupu ya WhatsApp yanayotuma habari za vifo na maradhi mapya usiku wa manane. Mie nimetoka manne na hakuna aliyeniuliza. Na uamke saa ile ile kila siku hata kama hukulala vizuri, ukilala mpaka adhuhuri kufidia ndio umeiharibu na ya kesho.

Tuje kwenye pesa, maana kuna watu watakwambia afya ya akili wakati jiko halijawashwa. Mwaka 2019 wageni waliokuja Zanzibar walipindukia laki tano, mwaka 2020 wakashuka hata nusu hawakufika. Sasa hapo si mpishi, si dereva, si mwenye boti wala muuza vinyago aliyesalimika, na wengi tulikopa, na madeni mengine mpaka leo yapo. Kwa hivyo wasiwasi wako si wazimu, una sababu zake. Fanya hivi, karatasi ile ile ya alasiri igawe mara mbili, upande mmoja mambo unayoweza kuyafanyia kitu, upande wa pili usiyoweza. Wageni waje au wasije high season si kazi yako. Kwenda kwa mwenye duka kumwambia ntakulipa elfu kumi kila mwezi, hiyo ni kazi yako na nenda kesho asubuhi, usijifiche ukimuona, kule kujificha kunachosha kuliko deni lenyewe.

Na usisubiri hamu irudi ndio ufanye kazi. Hili nimejifunza kwenye mwani. Nilipokuwa nyumbani bila ya kazi, siku nzima nimelala tu nimetazama boriti, mama mdogo akanichukua pwani kumsaidia kufunga mwani, na kule kwetu mwani ni kazi ya wanawake kwa hivyo nlichekwa vya kutosha. Lakini bamvua haliulizi wewe leo umeamkaje, maji yakitoka yametoka na usipokwenda yanarudi. Wiki ya kwanza nilikuwa nakwenda kama maiti. Ya pili nikaanza kujibu mizaha ya wale kina mama. Ya tatu nikaona njaa inaniuma, njaa ya kweli, kitu nlichokuwa nimekisahau. Kwa hivyo tafuta kitu kimoja cha kila siku chenye saa yake na chenye mtu anayekungoja, kiwe kidogo, kumwagilia mchicha wa jirani, kumpeleka mtoto chuo cha Kurani, chochote. Kitendo kinaanza, hamu inafuata nyuma.

Baraza msiidharau. Zimbabwe kuna daktari wa akili, Dixon Chibanda, mwaka 2006 alianzisha mpango wa mabenchi nje ya vituo vya afya, wanakaa mabibi waliofunzwa, mtu anakuja anaeleza shida yake na bibi anamsikiliza na kumsaidia achague tatizo moja la kuanza nalo, na utafiti ukaonesha watu wanapata nafuu kweli. Kule hawasemi sonona, wana neno lao kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Si ndio mawazo yetu haya? Sisi benchi tunalo la saruji mbele ya kila nyumba, tatizo letu ni kwamba tumeliachia siasa na mpira. Ukiona mwenzio hana raha msogelee, mwache aseme dakika kumi bila ya wewe kumpa ushauri hata mmoja. Kumi tu. Ni kazi ngumu kuliko unavyodhani, khasa kwa sisi wajuaji.

Watoto nao msiwasahau, wale waliokaa nyumbani skuli zilipofungwa 2020 sasa wakubwa na wengine hawajawahi kuelezwa babu alikwenda wapi. Waelezeni. Na kama ni mwili ndio haujarudi, pumzi fupi, machofu yasiyokwisha tangu uugue, hiyo usiiite uvivu, kapimwe.

Lini uende hospitali? Kama huzuni au kukosa raha kumezidi wiki mbili karibu kila siku, huli au hulali, kazi imekushinda. Anzia kituo cha afya cha karibu. Watu wanaogopa kusikia Kidongo Chekundu kwa sababu mtaani tumeifanya tusi, lakini ile ni hospitali ya maradhi ya akili, unakwenda unazungumza na mtu unarudi nyumbani kwako. Ukitaka kusomewa kasomewe, moja halimzuii mwenzake, ila dawa ulizopewa usiziwache katikati kwa sababu fulani kakwambia ni shetani tu. Na mtu akikwambia hataki tena kuishi, usimwambie ni haramu halafu ukaondoka. Kaa naye, muulize waziwazi kama anafikiria kujidhuru, kamba na sumu za shambani na vidonge ondosha, na siku hiyo hiyo mpelekeni hospitali, asiachwe peke yake hata chooni akichelewa mgongeeni.

Akisita kwenda, usimwambie "wewe mgonjwa". Mwambie twende zetu ntakusindikiza, nauli juu yangu, na tukirudi tunapita kwenye urojo.