Gonga tofali za njia yako kabla ya mvua
Wenye njia ya tofali za kuchoma uani, hasa sisi wa Dodoma, itazameni sasa, kabla mvua za Desemba hazijaanza. Huku hatuna barafu ya kupasua tofali. Adui ni maji. Udongo umekauka miezi mingi, mvua ya kwanza haizami, inakimbia juu juu, inapenya kwenye nafasi na kuondoka na mchanga wa chini. Tofali zinabonyea. Wiki mbili tu, dimbwi mlangoni.

Mimi huanza kwa kugonga kila tofali kwa mpini wa kisu. Iliyoiva inalia kama chungu kizima. Yenye mlio bubu haikuiva, ikilowa itamomonyoka. Ing'oe, weka nyingine. Kisha mwaga mchanga wa mto uliokauka kabisa (wenye unyevu haushuki, utajichosha bure), usukume kwa fagio la chelewa mpaka nafasi zijae.

Kingoni simamisha tofali, uzifukie nusu. Mteremko uwe sentimita 2 kwa kila mita, kuelekea bustanini, si kwenye msingi wa nyumba. Kuziba nafasi kwa saruji sishauri: ikipasuka, maji yanaingia na hayatoki.