Kabla ya kuwapeleka watoto Karura

Wazazi wenzangu, mkienda msitu wa Karura, Nairobi, Jumapili na watoto wadogo, walisheni washibe kabla hamjaingia. Kima wa pale wamezoea watu. Wakiona ndizi mkononi mwa mtoto wanashuka na kuinyakua, na hapo ndipo vurugu inapoanza: huyu analia, huyu anamkimbiza kima, wa tatu haonekani.

Kwa hiyo gawaneni watoto mapema, kwa majina. Shangazi na Brayo, baba na Wanjiku, hivyo hivyo. Mkisema "tutawaangalia wote", ukweli ni kwamba hakuna anayewaangalia, hasa simu zikitolewa kupiga picha. Mwandikie kila mtoto nambari yako ya simu kwa kalamu upande wa ndani wa mkono. Karatasi ya mfukoni hupotea kwenye bembea ya kwanza.

Maji yabebeni kwenye chupa za kutumika tena, kwa sababu plastiki za kutumika mara moja zimepigwa marufuku misituni tangu Juni 2020. Na kama ni Julai, sweta mbili kwa kila mtoto, maana moja italowa.