Kufunga OpenProject kwa mkandarasi: kalenda kwanza, ratiba baadaye

Nimetoka kumsaidia mkandarasi mmoja wa ujenzi kuhamisha ratiba zake kutoka Excel kwenda OpenProject. Ni programu huria ya kusimamia miradi na ratiba, toleo la Community halina ada ya leseni, na unaiweka kwenye seva yako mwenyewe. Kuifunga ni kazi ndogo. Maandalizi ndiyo yanayokula muda, na sisi watu wa IT tunapenda kuyaruka.

Hatua ya 1: Mwenye mfumo

Asiwe wewe. Awe bosi wa miradi, mtu anayeweza kusema "ripoti isiyotoka humu siipokei" na watu wakatii. Kama hayupo, usianze.

Hatua ya 2: Seva

Ubuntu au Debian, kori nne, RAM GB 4, diski GB 20. Hicho ni kiwango cha chini, na michoro ya wahandisi itaijaza diski hiyo mapema, kwa hiyo ongeza. Docker (kuendesha programu ndani ya kontena lake) inafaa, ila mimi napendelea paketi, yaani kuifunga moja kwa moja kwenye Linux: `sudo openproject reconfigure` inakuuliza swali moja moja hadi mwisho. Kodi seva kuliko kuweka kompyuta chini ya meza ya mhasibu. HTTPS (muunganisho uliofichwa kwa usimbaji) na barua pepe unajua mwenyewe.

Hatua ya 3: Kalenda (usikimbie hapa)

Ikishafungwa tu, OpenProject inahesabu Jumatatu hadi Ijumaa kuwa siku za kazi. Saiti zetu zinapiga kazi Jumamosi. Sheria ya kazi ya Tanzania ya mwaka 2004 inaruhusu siku 6 na saa 45 za kawaida kwa wiki. Chukua kazi ya kusuka nondo ya siku 12, inayoanza Jumatatu. Kwa wiki ya siku 6 inaisha Jumamosi ya wiki ya pili. Kwa wiki ya siku 5 inaisha Jumanne ya wiki ya tatu, na kila kinachoifuata kinasukumwa.

Tatizo ni kwamba mpangilio huu ni wa mfumo mzima. Ukiubadilisha baada ya kuingiza ratiba, tarehe za miradi yote zinaweza kuhama, hata za mradi ambao mteja ameshasaini. Kwa hiyo amua kabla. Ushauri wangu: Jumamosi iwe siku ya kazi, na watu wa ofisini wazoee.

Halafu kuna zege. Kumwagilia zege maji siku 7 ili likomae hakujui Jumapili wala sikukuu. Kwenye kazi za namna hiyo zima chaguo la kuhesabu siku za kazi pekee, moja moja. Inachosha, lakini usipofanya hivyo ratiba itakuonyesha fomu (mbao zinazoshikilia zege) zinatolewa siku ambayo si yenyewe.

Sikukuu ziingize kwa mkono: 12 Januari, 7 na 26 Aprili, Mei Mosi, Saba Saba, Nane Nane, 14 Oktoba, 9 Desemba na nyinginezo. Idd inasubiri mwezi. Weka tarehe inayotarajiwa, na ukilazimika kuirekebisha waambie mameneja kabla ya kubonyeza, maana ratiba zao zitacheza.

Hatua ya 4: Kusafisha Excel

Tarehe tena. Kompyuta yenye mpangilio wa Kimarekani ikifungua CSV (faili la jedwali la maandishi matupu) iliyoandikwa 03/04, inasoma 4 Machi. Ikikuta 25/04 inashindwa, inaiacha kama maandishi upande wa kushoto wa kisanduku. Ukiona safu moja ina tarehe zilizoegemea kushoto na nyingine kulia, hata hizo za kulia usiziamini. Rudi kwenye faili la asili, andika zote kwa mtindo wa 2025-04-03, ndipo uingize.

Majina nayo: "Eng. Juma", "Juma M." na "JM" ni mtu mmoja. Fungua akaunti kwanza, kisha sahihisha shiti zifuate akaunti.

Hatua ya 5: Mradi wa majaribio

Mmoja, unaoanza sasa. Mradi uliochelewa utafanya lawama zote ziende kwa programu. Kundi la WhatsApp libaki kwa picha za saiti. Tarehe zibadilishwe kwenye mfumo tu.

Hatua ya 6: Bakapu

`sudo openproject run backup`, kila usiku kwa cron (kipanga kazi cha Linux). Mafaili yanakaa `/var/db/openproject/backup`. Yanakili nje ya seva hiyo. Kabla hujawaalika watu wote, jaribu kuyarudisha kwenye mashine nyingine, uone kama ratiba na viambatisho vinafunguka.