Baada ya mkutano wa injili: namna ya kuyapima matokeo, yawe mazuri au mabaya

Mkutano wa injili umekwisha, vyombo vimepakiwa kwenye kenta, viti vya kukodi vimerudishwa. Imebaki kazi moja ambayo makanisa mengi ya Kigoma na Tabora huiruka: kuketi na kuyapima matokeo. Uwanja ukijaa tunasema Bwana ametenda, tunapanga mkutano mkubwa zaidi. Watu wakiwa wachache tunasema adui amepinga, tunanyamaza. Kauli zote mbili zinaweza kuwa kweli, lakini hakuna inayomwambia mtu afanye nini mwakani.

Usiketi usiku uleule. Mhubiri aliyesimama jukwaani siku saba hana nguvu ya kupima kitu. Eliya alitoka kwenye ushindi wa Karmeli, na muda si mrefu yuko chini ya mretemu anaomba kufa (1 Wafalme 19). Tazama alichopewa kwanza: mkate, maji, usingizi, kisha mkate tena. Kuulizwa maswali kulikuja baadaye, kule Horebu. Basi acha zipite siku tatu, lakini zisizidi kumi, maana baada ya hapo watu hukumbuka lawama na kusahau jinsi mambo yalivyokwenda hasa. Jumapili inayofuata mhubiri asipangiwe zamu.

Waite watu saba hadi tisa. Wawemo mchungaji, wazee wawili, mhazini, kiongozi wa kwaya, fundi wa vyombo na mama mmoja kati ya waliopika. Hao wawili wa mwisho ndio husahaulika, nao ndio walioona mengi: fundi anajua kipaza sauti kilikata mara ngapi, mama anajua wageni walikula saa ngapi. Kikao kiongozwe na mtu ambaye hakuwa kwenye kamati ya maandalizi. Mchungaji akishika kiti mwenyewe, hakuna atakayemwambia kwamba mahubiri yalivuka saa mbili usiku na akina mama wenye watoto wakaanza kuondoka. Kikao cha saa moja na nusu kinatosha.

Chukua daftari, uchore safu tatu: yaliyokuwa mikononi mwetu, yasiyokuwa mikononi mwetu, na tunachobadili. Kila jambo liingie mahali pake. Hapa ndipo ukweli wote wa kikao ulipo, kwa hiyo usiende haraka. Chukua mfano huu: “Jenereta ilizimika Alhamisi, saa moja jioni.” Wengi wataiweka safu ya pili, na mmoja atasema ni vita vya kiroho. Uliza: mafuta yalinunuliwa na nani, lita ngapi, ya kazi ya saa ngapi? Kama yalinunuliwa ya saa tatu na ibada ilipangwa kuchukua saa tano, jambo hilo ni la safu ya kwanza, na katika safu ya tatu andika jina la atakayekabidhiwa mafuta safari ijayo. Mvua nayo ni vivyo hivyo. Ikinyesha Julai ni jambo lisilo mikononi mwetu. Lakini ukipanga mkutano wa nje Tabora mwezi Januari, mvua hiyo uliialika mwenyewe.

Mioyo ya watu kugeuka hukaa safu ya pili siku zote. Paulo alipanda, Apolo akatia maji, mwenye kukuza ni Mungu (1 Wakorintho 3:6). Kiongozi asijivunie waliogeuka, wala asione aibu wakiwa wachache.

Hesabu ya mikono iliyoinuliwa kumpokea Yesu ndiyo dhaifu kuliko zote. Andika majina na mitaa usiku uleule, kila majina kumi yapate watu wawili wa kuyafuatilia, watembelewe ndani ya siku tatu. Hesabu tena baada ya wiki 4, kisha baada ya wiki 12. Waliotoka makanisa ya jirani waandikwe pembeni. Kuhama zizi si kuokoka. Hata hesabu ya wiki 12 si hukumu ya mwisho. Kituo cha misheni cha Urambo, mkoani Tabora, kilianzishwa na London Missionary Society, chama cha wamisionari wa Uingereza, enzi za Mtemi Mirambo, na mwaka 1898 kikakabidhiwa kwa Wamoravian. Waliolima mwanzo hawakuona mavuno waliyoyapata wenzao.

Sadaka ilinganishwe na mwezi kama huo wa mwaka jana, isilinganishwe na mwezi uliopita. Kwa makanisa ya ziwani, angalia pia mwezi wa angani. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wanakaa nchi kavu, na bahasha za Jumapili hupungua Kibirizi nzima, kule Kigoma. Urambo na Kaliua fedha huonekana masoko ya tumbaku yakishalipa, wakati wa masika watu wako shambani. Mchungaji anayejipima kwa sadaka ya wiki ya mbalamwezi anajiadhibu bure.

Sasa makosa. Yatenganishe kabla ya kusema na mtu. Fedha isiyo na maelezo usiiite kushindwa, wala usiifunike kwa neno neema. Iende kwenye ukaguzi na taratibu za kanisa, bila kelele na bila kuchelewa. Uzembe hukemewa. Kutojua hufundishwa. Mwinjilisti kijana aliyevurugikiwa na ratiba aitwe peke yake, si mbele ya kwaya, aambiwe kwa uwazi: “Mwanangu, siku ya pili ratiba ilikushinda kwa sababu hukuwapa waimbaji muda wao mapema. Mwezi huu utaongoza ibada ya vijana, uniletee ratiba Alhamisi tuipitie.” Kazi ndogo, ndani ya mwezi mmoja. Akikaa miezi sita bila kupewa kitu, ataamini kwamba amefutwa. Marko aliwaacha wenzake njiani (Matendo 13:13), Paulo na Barnaba wakatengana kwa ajili yake, lakini Paulo huyohuyo baadaye aliagiza aletwe kwa kuwa anafaa (2 Timotheo 4:11).

Mafanikio huhitaji uangalizi zaidi kuliko hasara, kwa sababu hakuna anayeitisha kikao uwanja ukijaa. Ketini vilevile, na daftari lilelile. Usitangaze mradi mpya kabla ya siku 30. Ahadi zinazotolewa kwa furaha ya jukwaani ndizo zinazomfanya mhazini azunguke mitaani mwaka mzima akidai. Wale wanafunzi sabini waliporudi wakishangilia, Yesu aliwaambia wafurahi kwa kuwa majina yao yameandikwa mbinguni, wasifurahie kwamba pepo wanawatii (Luka 10:20). Kila kiongozi awe na mtu mmoja nje ya kanisa lake, asiyepata faida yoyote kwake, wa kumweleza habari za furaha na za aibu. Mzigo huo usiachiwe mke peke yake.

Jumapili ya pili, mzee mmoja asome taarifa kwa ushirika, dakika tatu tu: kilichofanyika, kilichoharibika, kinachobadilika, mapato na matumizi. Waliobeba viti na waliopika watajwe kwa majina. Daftari libaki ofisini, na kamati ya mkutano ujao ikianza kazi, wasome safu ya tatu kabla ya kuchagua tarehe.